Barua ya Wazi kwa Mafundi na Wachuuzi Vijana wa Kisumu: Jifunzeni Kichina

Wanangu mnaochomelea vyuma Kamas, mnaouza vipuri Kibuye, mnaokaanga mgongo wazi (mifupa ya samaki iliyokwisha kutolewa minofu) Obunga na mnaosubiri mashua Dunga, nawasalimu.

Nimekuwa fundi wa mota na pampu katika mji huu kwa zaidi ya miaka thelathini. Macho yangu sasa yamechoka kusoma maandishi madogo, lakini ni maandishi hayo hayo madogo yaliyonifanya nishike kalamu. Nawaomba mjifunze Kichina. Siwaombi mkipende kuliko Dholuo, Kiluhya au Kiswahili chenu, wala siwaahidi kwamba kitawatajirisha. Nawaomba kwa sababu sehemu kubwa ya mnavyonunua, na baadhi ya mnavyouza, hupitia katika lugha hiyo, na kila mahali ambapo hatuielewi husimama mtu wa kati anayekula jasho letu.

Miaka michache iliyopita kikundi cha wafugaji wa samaki kilichanga fedha, kikaagiza kutoka Uchina mashine ya kutengeneza chakula cha samaki. Wakala aliyewaagizia aliwakabidhi mashine bila kitabu cha maelezo, na kibati kilichopigiliwa kwenye mota kilikuwa na Kichina kitupu. Waliiunga kwenye umeme wa kawaida wa nyumbani. Mota ilinguruma bila kuzunguka, ikatoa moshi, na waliponiletea waya zake zilikuwa zimeshaungua. Nilipokipangusa kibati nikaona mistari mitatu iliyolala mmoja juu ya mwingine, ikifuatwa na alama nyingine iliyosongamana. Baadaye kijana mmoja aliyesoma lugha hiyo alinieleza kwamba hayo ni maneno mawili, san xiang, yaani fezi tatu: mota ilihitaji umeme wa nyaya tatu za moto, si wa waya mmoja kama wa nyumbani. Mistari mitatu maana yake tatu! Mtoto wa darasa la kwanza angeikumbuka baada ya kuonyeshwa mara moja, lakini akina mama na akina baba kumi na wawili walipoteza akiba yao kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuonyeshwa.

Hiyo ni upande wa kununua. Upande wa kuuza unaniuma zaidi. Mnajua kwamba ndani ya mbuta, yaani sangara, mna kifuko cha hewa, ambacho wenzetu wa Mwanza hukiita bondo. Zamani tulikitazama kama utumbo tu. Leo hukaushwa na kusafirishwa hadi Hong Kong na miji ya kusini mwa Uchina, ambako hupikwa katika supu za karamu na hupewa majina mawili, yu du na hua jiao, na bei yake kwa kilo huipita mbali bei ya nyama ya samaki yule yule. Mvuvi anayetoka majini alfajiri hapangi bei hiyo, na mara nyingi hata haijui. Bei hupangwa mbali, hushuka kupitia mikono mingi, na kila mkono huondoa chake kabla ya kufika ufuoni. Sisemi kwamba mtu mmoja anayejua Kichina atalibadilisha soko hilo. Nasema kwamba mtu anayeweza kusoma tangazo la muuzaji wa rejareja wa Guangzhou, mmoja wa miji hiyo ya kusini, akaona bondo la ukubwa gani linauzwa kwa kiasi gani, hawezi tena kudanganywa na dalali kwamba mwaka huu soko ni baya.

Wachina walitutangulia katika jambo hili la kujifunza lugha ya mwenzio. Redio ya Peking, yaani Beijing, ilianza kutangaza kwa Kiswahili mwaka 1961, miaka miwili kabla ya sisi kupata uhuru, nami nikiwa kijana niliwahi kuwasikiliza Wachina wakisoma habari kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wengi wetu. Watu hawa walikaa chini wakajifunza ngeli zetu na methali zetu kabla hawajatujengea barabara yoyote. Hata hapa Kisumu tuna mfano wa karibu zaidi: baada ya reli kufika ziwani mwaka 1901, wenye maduka waliotoka Bara Hindi walijifunza Dholuo, na bibi aliyetoka kijijini na mayai yake aliweza kuzungumza nao bei ana kwa ana. Lugha ilikuwa sehemu ya mtaji wao.

Mtaniambia kwamba Kichina ni kigumu. Maandishi ni magumu kweli, sitawadanganya: orodha rasmi ya mwaka 1988 ilikuwa na alama 3,500 za matumizi ya kawaida, na hakuna njia ya mkato isipokuwa kuandika kila siku. Lakini katika kuzungumza, sisi wa huku tuna urithi ambao hatuuthamini. Kichina hutofautisha maneno kwa mpando na mshuko wa sauti, na anayezungumza Dholuo hufanya hivyo tangu utotoni. Neno kendo linaweza kuwa jiko, au tena, au kuoa, kulingana na sauti inavyopanda na kushuka. Ishirini kwao ni er shi, mbili kumi, na kwa Dholuo ni piero ariyo, makumi mawili. Vitenzi vyao havibadiliki kwa nafsi wala wakati. Hata ngeli zetu zina binamu yao huko: samaki, mto na barabara huhesabiwa kwa neno moja, tiao, kwa kuwa vyote ni virefu.

Wengine mtasema simu inatafsiri. Itumieni. Itawasomea kibati cha mota. Lakini mkiwa mezani na muuzaji, naye akamgeukia mwenzake wakanong'onezana kuhusu bei ya mwisho, hamtapata nafasi ya kuwanyoshea simu.

Nina onyo moja. Msiache ufundi mkawe wakalimani watupu. Mkalimani asiyejua mota hutafsiri neno akakosa kitu chenyewe, na kazi ikiisha huambiwa asante na kuachwa mlangoni. Fundi anayejua Kichina ni mtu mwingine kabisa, na huyo ndiye ninayemtaka Kamas.

Mahali pa kujifunzia hapako mbali sana. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua Taasisi ya Confucius, yaani kituo cha kufundisha Kichina, mwaka 2005, na baadaye zikafunguliwa nyingine upande wetu huu: Chuo Kikuu cha Egerton huko Njoro, iliyoelekezwa kwenye kilimo, na Chuo Kikuu cha Moi huko Eldoret, iliyoelekezwa kwenye nguo. Mkulima na fundi cherehani wana nafasi yao huko. Asiyeweza kusafiri aanze na pinyin, yaani Kichina kilichoandikwa kwa herufi tulizozizoea, na namba kumi za kwanza.

Kibati kile bado ninacho, kimetundikwa juu ya meza yangu ya kazi. Jumapili soko likijaa nipo Kibuye tangu asubuhi. Watatu wa kwanza watakaofika na daftari, wakiwa wamekwisha kujifunza kuhesabu hadi ishirini, nitawalipia ada ya muhula wa kwanza.

Ni mimi mzee wenu,
Fundi wa mota, Kibuye, Kisumu