Shukrani kwa mzee wa kiti cha nyuma

Shikamoo mzee wangu, popote ulipo. Jina lako sikulipata.

Ulikuja kwenye semina ya idara yetu ya uchumi, ukakaa karibu na mlango. Nilikuwa nawasilisha utafiti wa uzamili kuhusu bei ya mahindi baada ya serikali ya Tanzania kuzuia kuyauza nje ya nchi mwaka 2011. Wahadhiri walinibana kwa maswali ya modeli mpaka sauti ikaanza kunitetemeka. Ndipo ukanyoosha mkono: "Mwanangu, gunia lako lina kilo ngapi?"

Nikajibu mia moja. Kwa upole ukatueleza habari ya lumbesa: shambani gunia hushindiliwa na kuongezewa kilemba juu, likapita kilo 100 kwa mbali, lakini kwenye daftari la bei linaandikwa gunia moja tu. Ukumbi ulinyamaza. Kumbe kwa kila kilo mkulima alikuwa akipata kidogo kuliko nilivyoandika, na hakuna hata mmoja wetu aliyeliona hilo!

Ukanisubiri nje, ukanishauri nilinganishe masoko ya mpakani kama Namanga na ya mbali kama Songea, maana mwaka huo huo ukame ulikuwa umepandisha mahitaji upande wa Kenya. Sura yangu ya nne nzima imetokana na maongezi yale ya nusu saa chini ya mwembe.

Asante sana, mzee wangu. Kwenye ukurasa wa shukrani nimeacha nafasi ya jina lako, na nakala yako nimeitunza.