Fyuzi ya bei ndogo, kazi ya saa tatu: kwa wenye mashine za zamani za pinboli, ule mchezo wa gololi ya chuma

"Mmebadilisha fyuzi moja tu, mbona bili ni ya saa tatu?" Lalamiko hili haliishi hapa karakana. Juzi limekuja tena kutoka kwa mteja aliyeondoka akiamini kabisa kwamba tumemlia pesa yake. Tunamjibu yeye pamoja na wote wenye mashine za rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) na mota, zile zilizotengenezwa Chicago na Gottlieb, Williams na Bally kabla ya bodi za elektroniki kushika nafasi mwishoni mwa miaka ya 1970.

Fyuzi inaweza kukatika kwa uchakavu. Lakini ukiweka mpya ya namba ileile nayo ikakatika, ujue kuna kitu kwenye mashine kinakula umeme kupita kiasi. Hapo fyuzi imefanya kazi yake. Tunacholipisha ni kukitafuta hicho kitu, na mashine moja ya namna hii ina mamia ya swichi, kila moja ikiwa na ncha zinazoweza kushikana au kuchafuka.

Njia ya mkato tunayoiona zaidi ni kuweka fyuzi kubwa. Imeandikwa ampea 10, mtu anaweka 20, au anaizungushia karatasi ya ng'aring'ari ya pakiti ya sigara. Mashine inawaka, watu wanacheza, na baada ya nusu saa nyumba nzima inanuka plastiki. Imewahi kuletwa mashine ya namna hiyo ambayo koili (waya uliozungushwa, unaovuta chuma umeme ukipita) ya bampa (kile kinachorusha gololi ikikigusa) ilikuwa imeyeyuka hadi gamba lake la ndani likakishika chuma kisitoke, na nyaya zilizofungwa pamoja nayo zimeungana kwa joto. Koili peke yake ingekuwa kazi ndogo. Kufungua fungu la nyaya, kubadilisha zilizoungua kwa rangi zilezile ili mchoro wa nyaya uendelee kusomeka, hiyo ilikuwa kazi ya siku mbili.

Mwenye mashine anaweza kufanya sehemu kubwa ya uchunguzi mwenyewe akijua jambo moja: fyuzi inakatika *wakati gani*. Ikikatika papo hapo unapowasha, kuna shoti, au kuna koili ambayo swichi yake imejifunga na haiachii. Ikikatika gololi inapogusa bampa fulani, anza na bampa hiyo. Ikikatika unapobonyeza kitufe cha flipa, yaani mkono unaopiga gololi, shida iko kwenye flipa hiyo. Ikichukua dakika kadhaa, kuna kitu kinabaki na umeme wakati kilipaswa kupumzika.

Flipa ndiyo inayosumbua kuliko zote. Koili yake ina waya wa aina mbili: mnene wa kurusha na mwembamba wa kushikilia. Flipa ikishafika juu, swichi ndogo iliyo mwisho wa mwendo wake hufunguka ili umeme upungue. Uwazi wa kama milimita 3 unatosha. Swichi hiyo isipofunguka, waya mnene unaendelea kula umeme wote kadiri unavyoshika kitufe, na koili inaungua. Ikiwa ncha zake ni chafu, flipa inakuwa dhaifu na gololi haifiki juu. Wengi hapo hununua koili yenye nguvu zaidi, kumbe dawa ilikuwa kusugua ncha mbili za swichi.

Kuna jingine ambalo wageni wa kazi hii hawalitegemei. Koili za mashine nyingi za enzi hizo zinatumia umeme wa AC, ule unaogeuka mwelekeo kila mara. Chuma kikiingia mpaka mwisho, koili inatulia na kula umeme kidogo. Kikikwama njiani kwa uchafu, au kwa kuwa ncha yake imepigwapigwa ikatanuka, koili inaendelea kula umeme mwingi. Ndiyo maana tunabadilisha gamba la nailoni na kusawazisha ncha ya chuma kwa tupa, na ndiyo maana HATUWEKI mafuta humo. Mafuta hushika vumbi, vumbi likawa gundi, na chuma kikakwama.

Namna ya kuanza: chomoa waya ukutani, kwa sababu kuzima swichi hakutoshi. Toa gololi, inua ubao wa mchezo uuegemeze vizuri. Tafuta koili ambayo karatasi yake imegeuka kahawia. Sukuma kila chuma kwa kidole, kiingie na kurudi chenyewe kwa springi. Tazama swichi za bampa na za vipigio vya pembeni, kama kuna zilizogusana bila kuguswa. Angalia pia kama kuna skrubu au tone la lehemu lililodondoka katikati ya nyaya. Kisha toa fyuzi kwenye kishikio uipime kwa mita. Ukiipima ikiwa ndani, mita inaweza kusoma njia nyingine ikakudanganya. Koili nayo ipime baada ya kufungua waya mmoja, ulinganishe na pacha wake: flipa ya kushoto na ya kulia, bampa na bampa. Inayosoma omu chache sana kuliko mwenzake imeungua ndani.

Ukinunua koili mpya, itazame kabla ya kulehemu. Kuna mteja aliyeagiza ya bampa, namba ileile kabisa, akaifunga kwa usafi wa kupendeza, kisha akachoma fyuzi tatu mfululizo. Koili ilikuja na dayodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, maana namba hizo ziliendelea kutumika kwenye mashine za baadaye za DC, umeme wa mwelekeo mmoja. Kwenye AC, dayodi hiyo hupitisha nusu ya kila wimbi moja kwa moja kama shoti. Ikate kwa koleo, basi.

Usitumie msasa kila mahali. Ncha kubwa za swichi za flipa zinavumilia tupa laini. Ncha ndogo za fedha zinataka jiwe laini la kusugulia au kipande cha karatasi ngumu. Swichi za dhahabu za mashine za elektroniki usizisugue kabisa, ukiondoa ile dhahabu umeziua. Wenye mashine hizo za elektroniki pia wafungue kichwa cha mashine leo waangalie betri. Ikivuja, ukungu wake unatafuna bodi. Hutolewa kwa siki, kisha maji, kisha spiriti, lakini njia za shaba zilizokwisha kuliwa hazirudi.

Kwa wanaosafirisha mashine kutoka Marekani kwenda Mombasa au Dar es Salaam: kule ni volti 120, huku 230 hadi 240. Kwanza fungua uone kama transfoma ya ndani ina sehemu ya kuunganisha volti ya juu. Kama haina, tumia transfoma ya kushusha, na uwezo wake usiwe wa kubanabana. Nyingi za zamani zina waya wa nguzo mbili bila ethi (njia ya kupeleka umeme ardhini), tunaweka wa nguzo tatu kabla ya jambo lolote, hata kama mteja hakuuomba.

Unapotuletea mashine, usizitupe fyuzi zilizokatika. Zitie kwenye bahasha uje nazo. Kioo kilichogeuka cheusi kinatuonyesha shoti kali, na kilichobaki safi huku uzi umeyeyuka katikati kinatuonyesha mzigo uliozidi polepole. Bahasha hiyo hutupunguzia muda wa kutafuta, na muda huo ndio unaoulipia.