Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Wilaya: mjamzito aliyekuja peke yake asirudishwe

Kwako Mganga Mkuu wa Wilaya,

Salaam. Nakuandikia kutoka mwaloni, Ziwa Victoria. Dagaa havuliwi mwezi ukiwaka, kwa hiyo waume zetu huingia ziwani giza likianza na kurudi nyumbani mbalamwezi. Kliniki ya wajawazito haifuati mwezi.

Mwaka juzi mdogo wangu alikwenda zahanati na mimba ya miezi mitatu. Kabla hajakaa akaulizwa, "Mwenzio yuko wapi?" Yuko kisiwani, kwenye dagaa. Basi kalete barua ya mwenyekiti wa kijiji kwamba hayupo. Mwenyekiti yuko msibani. Aliporudi, muhuri una bei, shilingi elfu tatu. Binti mwenyewe mwenye haya, akajikalia nyumbani. Alipokuja kupata kadi mimba ina miezi sita, na siku hiyo vijiti vya kupimia mkojo vimekwisha. Akameza SP yake ya kwanza, dawa ya kumkinga mjamzito na malaria, vidonge vitatu mbele ya nesi, akaondoka.

Wiki ya 31 uchungu ukamshika. Hospitalini wakamkuta na maambukizi ya mkojo, na homa ambayo yeye alikuwa akiiita uchovu. Mtoto kilo 1.4. Wiki tano alilala kifuani, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, kafungwa khanga. Kangaruu, wanavyoita wenyewe. Usiku nilikuwa nampokea mimi ili mama yake apate usingizi. Wetu alipona. Wa kitanda cha pili hakupona.

Siapi kwamba barua ya mwenyekiti ndiyo iliyomleta njiti yule. Wako wanaojifungua kabla ya wiki ya 37 na kliniki hawakukosa hata moja. Lakini malaria inayojificha kwenye kondo la nyuma, kaswende, maambukizi ya mkojo, presha, vyote hivyo vinaweza kumtoa mtoto kabla ya wakati, na mara nyingi hugundulika kwa tone la damu, kikombe cha mkojo na mashine ya presha. SP huanza baada ya miezi mitatu ya mwanzo na hurudiwa baada ya mwezi au zaidi. Anayeanza mwezi wa sita, dozi zimeshampita. Hata umri wa mimba, mapema unahesabika, baadaye ni kukisia. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linashauri mahudhurio manane, la kwanza ndani ya wiki 12. Sisi wiki hizo tunazitumia kutafuta muhuri.

Najua utaratibu wa kuja na mwenza ulikuwa na nia njema: baba naye apime VVU na kaswende. Niliusifu mwenyewe. Ila kumwalika baba ni jambo moja, kumrudisha mama ni jingine kabisa. Na aliyetelekezwa, au aliyebakwa, aende kumweleza nini mwenyekiti?

Siombi jengo wala gari. Naomba waraka wako kwa waganga wafawidhi wote: mama akifika peke yake, apimwe siku hiyo hiyo, apewe kadi, na baba atafutwe baadaye. Na vijiti vya mkojo viagizwe kabla havijaisha; bila hivyo hata anayewahi anapimwa nusu.

Mdogo wangu ana mimba nyingine, wiki ya tisa. Mumewe yuko ziwani. Kliniki ni Jumanne, na mwezi hautakuwa umeandama.

Wako,
Dada mtu, mwaloni