Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Bodi ya Sega la Nyuki

Ndugu wanachama,

Mambo ya ada, na ya mlango wa karakana uliogoma kufunga, mtayapata kwa mhazini na katibu. Mimi nitazungumzia bodi yetu ya saketi, kibao chenye njia za shaba, maana ndiyo iliyokula mwaka wetu.

Tulikubaliana kujaribu kwa mikono yetu kazi waliyoichapisha mwaka 2018 mwanafizikia Xiao Hu wa Tsukuba, Japani, na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tongji, Shanghai: tepe za shaba zilizopangwa kama sega la nyuki, na kapasita (kijipande cha kuhifadhi chaji ya umeme) katika kila makutano. Kinachobadilishwa ni upana wa tepe tu. Zikiwa pana zile za ndani ya pembesita, eneo hilo ni la kawaida. Zikiwa pana zile zinazounganisha pembesita na jirani yake, eneo linakuwa la kitopolojia, yaani mpangilio wa mawimbi yake ni wa aina nyingine, usiogeuka kuwa wa kawaida kwa mabadiliko madogo. Maeneo hayo mawili yakikutana, mpakani hutokea njia ya mikrowevu (mawimbi mafupi ya redio) kwa masafa, yaani kasi ya mitetemo, ambayo pande zote mbili zimeyakataa. Wimbi linalozunguka kulia huenda huku, linalozunguka kushoto huenda kule.

Kuna waliouliza sumaku iko wapi. Mwaka 2009 kundi la chuo cha MIT, Marekani, lilipoonyesha mikrowevu zikienda upande mmoja bila kurudi, lilitumia vijiti vya feraiti (kauri inayoitikia sumaku) ndani ya uga wa sumaku. Sega la Hu halihitaji sumaku, ndiyo maana nasi tukathubutu. Ila ulinzi wake dhidi ya wimbi kurudi nyuma unategemea ulinganifu wa pembesita; ukivunjika, mizunguko miwili huchanganyika na sehemu ya wimbi hurudi. Kwa hiyo tuache kuwaambia wageni kwamba wimbi hili halizuiliki.

Bodi ya kwanza ilituaibisha: dawa ya kuondoa shaba ilizila tepe nyembamba hadi nyingine zikakatika. Ya pili tuliilehemu kapasita za mafungu mawili yasiyolingana, na NanoVNA, kipimo chetu kidogo cha mikrowevu, ikatuonyesha vurugu tupu. Ya tatu ikakubali. Antena ndogo tuliyoipitisha juu yake ilikuta nguvu imeshika mpaka, hata pale mpaka ulipopinda. Chai yangu ilipoa siku hiyo.

Hata hivyo wimbi lilififia upesi. FR4, tuliyoitumia, ni bodi ya bei nafuu, na hugeuza mikrowevu kuwa joto. Topolojia husaidia wimbi lisirudishwe kwenye kona, haiwezi kulizuia lisimezwe. Baadhi yenu mmenisuta kwamba tungenunua bodi bora tangu mwanzo. Sikubaliani nanyi: bodi tatu za bei ile, mbili zikiwa takataka, tungezilipaje?

Lililobaki ni mwelekeo, ambao hatujauona. Chanzo chetu ni pini moja, nayo hupeleka wimbi kotekote. Tunahitaji chanzo cha pini nne, kila moja ikichelewa robo ya mzunguko nyuma ya mwenzake. Anayeweza kukichora aje na karatasi yake Jumamosi. Hana haja ya kutafuta ufunguo. Mlango, kama nilivyosema, haufungi.

Mwenyekiti