Barua ya wazi kwa vijana wanaokwenda kusomea urubani wa helikopta za jeshi

Wanangu,

Marahaba, maana najua mngeanza na shikamoo. Nimesikia baadhi yenu mmeshapita vipimo na mnangoja safari ya Marekani, wengine mnangoja majina yatoke. Kabla pilau la kuwaaga halijapikwa, nataka tuzungumze jambo ambalo huku kwetu Ukonga na Gongo la Mboto linazungumzwa ovyo: kwa nini mwenzenu anasindikizwa hadi uwanja wa ndege kwa vigelegele na picha, halafu miezi kadhaa baadaye anaonekana kikosini, kimya, kifuani hana beji ya mabawa ya rubani.

Kijiweni majibu yapo tayari. Karogwa. Wazungu hawakumtaka. Kichwa hana. Mimi nimekaa kiti cha mwanafunzi, na baadaye nikakaa kiti cha mkufunzi kwa miaka mingi. Sikatai kwamba wakufunzi wabaya wapo, wa kufoka hadi mtu asahau jina lake. Lakini wengi niliowaona wakirudishwa walikuwa na kichwa, na mikono yao ilikuwa ya kufundishika. Walibaki nyuma kidogo, wakaona haya kusema, na ratiba haikuwangojea.

Ratiba yenyewe iko hivi. Huko Fort Rucker, Alabama, ndiko jeshi la nchi kavu la Marekani linakofundishia marubani wake wa helikopta, na maofisa wa nchi nyingine hupokelewa pia. (Mkikuta mahali pameandikwa Fort Novosel msishangae, ni hapo hapo. Jina lilibadilishwa 2023, likarudishwa 2025.) Kila siku unayoruka unaandikiwa alama. Unaanza na kupaa, kutua na dharura za msingi, unaingia kwenye kuruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje, kisha unakwenda kwenye helikopta utakayofanyia kazi, pamoja na kuruka usiku kwa miwani maalumu. Mwisho wa kila hatua kuna mtihani, na anayekutahini si yule aliyekufundisha. Ukishindwa utaongezewa masomo na kupimwa tena. Ukizidi kushindwa, faili lako linapanda kwa wakubwa. Hapo katikati hakuna wiki ya kupumua. Ulichokosa Jumanne, Jumatano kinadaiwa pamoja na kipya.

Na deni hilo huanzia chini, ndege ikiwa bado imefungwa. Asubuhi mnakaa mezani na mkufunzi, mara nyingi wanafunzi wawili kwa mkufunzi mmoja. Anakutazama anakuuliza: uko futi 500, injini imezimika, sema. Anachotaka ni maneno ya kitabu cha ndege yalivyoandikwa, sura ya 5 yenye mipaka ya ndege na sura ya 9 yenye dharura. Vijana wetu wengi hapo ndipo wanapokwama. Shuleni walizoea kumweleza mwalimu "kwa maneno yako mwenyewe", na huko maneno yako mwenyewe hayatakiwi. Injini ikizimika una sekunde chache tu za kushusha mkono wa kushoto, ulioshika wenzo wa kupandisha na kushusha helikopta, ili mapanga yaendelee kuzungushwa na upepo unaopanda kutoka chini. Ukianza kutafakari, mzunguko umeshapungua, na ukipungua sana haurudi. Ndiyo maana kitabu kinakaririwa kama juzuu. Ukishindwa mezani unaweza kunyimwa kuruka siku hiyo, ukapata alama mbovu na buti zako hazijatoka ardhini.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo ninapotaka kukaa. Sisi tumelelewa kutomjibu mkubwa. Mkubwa akiuliza "umeelewa?", adabu inajibu "ndiyo" hata kama kichwani ni giza, na jeshi letu linaongeza "ndiyo, afande" kwa sauti kubwa zaidi. Nilikuwa na kijana mmoja, division one ya PCM (fizikia, kemia na hisabati), mpole, nadhifu, wa kwanza kufika darasani. Kila nilipomwonyesha jambo alisema ameelewa. Nikimwachia usukani, ndege inakwenda inakotaka yenyewe. Kumbe tangu siku za mwanzo hakuwa amefahamu kwa nini ukinyanyua mkono wa kushoto pua ya helikopta inageuka, akawa anakanyaga pedali kwa kubahatisha, akiomba Mungu. Swali moja tu lingemwokoa, na aliona ni aibu kuliuliza. Alirudishwa kikosini. Ni mtu mwenye akili kunizidi mimi.

Kwa hiyo mjue mapema: ukinyanyua, nguvu ya injini inausukuma mwili wa helikopta kinyume na mzunguko wa mapanga, na mguu ndio unaozuia. Tena kuna mtego. Mapanga ya helikopta za Kimarekani huzunguka kinyume cha saa ukiyatazama kutoka juu, ya Kirusi na mengi ya Kifaransa huzunguka upande wa pili. Aliyezoea moja akihamia nyingine, mguu wake wa kwanza huwa ndio mbaya. Waambie wakufunzi wako ulichokuwa ukirusha kabla. Usingoje wagundue wenyewe mkiwa futi 3 kutoka ardhini.

Kusimama hewani mahali pamoja kutawatesa, na nawaambieni hilo haliwafukuzi wengi kama mnavyoogopa. Siku za kwanza helikopta itayumba kama mlevi, kwa sababu mnaikamata kwa nguvu, inachelewa kidogo kujibu, mnaongeza, inajibu mara mbili. Shika kwa vidole, tazama mbali na si chini ya pua, siku moja itatulia na hutajua ilitulia lini. Anayeharibikiwa hapa ni yule anayekwenda kulala na hasira na kesho yake anapanda nayo.

Kwenye vyombo ni tofauti. Sikio la ndani ndilo linalokupa mizani ya mwili, na ndege ikigeuka taratibu halihisi kitu. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kilichukua marubani 20 wasiofundishwa kuruka kwa vyombo, wakazuiwa kuona nje. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Na hiyo ilikuwa ndege ya mabawa, iliyotulia kuliko helikopta. Mwanafunzi jasiri, anayeamini mwili wake, ndiye anayepata tabu zaidi hapa. Geji zinasema unainama kulia, mwili unaapa uko sawa. Amini geji. Vijana wa pwani mliowahi kukutwa baharini na mvua ya masika, nchi kavu haionekani, mnaweza kunielewa upesi.

Kiingereza: mnakijua, lakini hamjakijua kikipitia redioni, kwa lafudhi ya kusini mwa Marekani, mapanga yakinguruma na mkono wa kulia ukipigana na upepo. Wageni wengi hupitishwa kwanza shule ya lugha ya jeshi pale Lackland, San Antonio, Texas. Msiifanye mapumziko. Sikilizeni mazungumzo ya marubani na waongoza ndege kila siku hadi yawachoshe.

Afya sina mengi. Macho, masikio, moyo, mawe ya figo, vyote hupimwa, na anayeficha ugonjwa atafichuliwa akiwa amepoteza miezi. Pombe pia. Sheria za anga za kiraia Marekani zinadai angalau saa 8 kati ya glasi na usukani, jeshi ni kali zaidi, na ukikamatwa unaendesha gari umelewa, hakuna atakayeuliza alama zako.

Kuna bwawa la mafunzo watakalowatumbukiza mkiwa mmefungwa mikanda ndani ya kibanda kinachopinduka. Helikopta ikianguka majini hupinduka upesi, kwa kuwa injini na mitambo mizito iko juu. Asiyejua kuogelea aanze Coco Beach mwezi huu, sio huko.

La mwisho ni la nyumbani, na wazazi wasome. Dar ikiwa saa mbili asubuhi, Alabama majira ya joto ni saa sita usiku. Ndio wakati shangazi anakumbuka kupiga simu ya mchango wa harusi, kaka anataka ada, na kundi la familia linaamka. Kijana amelala kwa muda wa saa tatu tu, anajibu kwa sababu ndiye "aliyeko Marekani", asubuhi mezani sura ya 9 imeyeyuka. Nimewaona. Mteueni ndugu mmoja wa kupokea shida zote, yeye aandike, nanyi mjibu Jumapili. Watawasema. Waacheni waseme.

Nisieleweke kwamba kila anayerudishwa kaonewa au kazembea. Wapo ambao urubani si wao, na ni heri wajulikane kwenye mtihani kuliko wakiwa na askari kumi na mbili nyuma yao juu ya Mto Rufiji uliofurika. Mtu huyo hapotezi utu wake. Mkikutana naye mkaribisheni, muulizeni alichojifunza, kwa kuwa anajua mengi ambayo aliyefaulu hakulazimika kuyajua.

Ambao majina yatatoka, Jumamosi baada ya alasiri nipo barazani kwangu. Njooni wawili wawili na daftari, simu mzizime. Nitakaa upande wa mkufunzi, nitauliza, na atakayenijibu "ndiyo mzee" bila kuelewa nitamrudisha kwao siku hiyo hiyo.

Babu yenu,
rubani mstaafu,
Ukonga, Dar es Salaam