Barua kwa Rafiki: Akiba Iko Wapi, na ni ya Nini

Mwanga,
Kigoma.
20 Septemba 2025.

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Kigoma. Sisi hatujambo, na wazee wanakusalimu sana. Natumaini wewe na wote wa nyumbani hapo Tabora mu wazima.

Barua yako nimeisoma kwa makini, hasa pale unaposema kwamba una akaunti ya mshahara, akaunti ya akiba katika benki nyingine, fedha kidogo katika laini ya pili ya M-Pesa na hisa katika kikoba, lakini mtu akikuuliza una akiba kiasi gani huna jibu la hakika. Uliniomba nikueleze jinsi ninavyotunza hesabu zangu katika lahajedwali, yaani jedwali la kompyuta kama lile la Excel. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili nalithamini, na nisingependa uanze kwa njia itakayokuchosha kabla hujaona faida yake.

Biashara yangu ya dagaa pale Kibirizi unaijua, na kipato cha dagaa hakina mwezi unaofanana na mwenzake. Wavuvi huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti dagaa kama kawaida na mitumbwi mingi hukaa ufukweni. Tena mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, na mtu wa biashara hii alipaswa kujua mapema ni shilingi zipi anaweza kuzila katika miezi hiyo mitatu na zipi ni za ada ya Januari, ambazo hazipaswi kuguswa hata kama hali ni ngumu. Salio la benki peke yake haliwezi kukuambia hivyo. Linakuambia fedha ziko wapi, lakini halikuambii ni za nini, na jedwali linalostahili kazi ya kulitunza ni lile linalojibu maswali yote mawili kwa kila shilingi.

Kwa hiyo jedwali langu lina safu sita tu: tarehe, akaunti, maelezo, kuingia, kutoka, na lengo. Kila fedha inapoingia au kutoka, naandika mstari mmoja. Salio siliandiki kwa mkono hata siku moja. Watu wengi huandika salio la kila akaunti mwisho wa mwezi na kuridhika, lakini salio la namna hiyo likipungua hakuna kinachokuonyesha limepunguzwa na nini. Andika miamala, salio liache likokotolewe na fomula. Ikiwa akaunti ziko safu B, kuingia safu D na kutoka safu E, salio la benki ni =SUMIF(B:B,"Benki",D:D)-SUMIF(B:B,"Benki",E:E). Kwa malengo fomula ni ileile, ila mahali pa safu ya akaunti unaweka safu F, na mahali pa neno Benki unaweka Ada, Dharura au Bati. Jumla ya akaunti zote na jumla ya malengo yote lazima ziwe sawa. Mimi nimeweka kisanduku kimoja cha kutoa jumla moja kwa nyingine, na kisiposoma sifuri najua kuna mstari niliouacha bila lengo au jina la akaunti lililoandikwa vibaya.

Akaunti ya mshahara usiiingize kabisa. Fedha inayoingia leo na kwisha sokoni ndani ya wiki mbili si akiba, na ukijilazimisha kuandika kila fungu la mchicha utaliacha jedwali lote. Andika ile sehemu inayovuka kutoka kwenye mshahara kwenda kwenye akiba.

Sasa tazama fedha inapohama kati ya akaunti zako mwenyewe za akiba. Ukitoa 100,000 katika laini yako ya pili kuipeleka benki, hiyo ni mistari miwili: laini imetoa 100,000, benki imepokea 100,000, na lengo ni lilelile katika mistari yote miwili. Makato ya kutuma yanapata mstari wake wa tatu upande wa kutoka, nayo yanapunguza lengo hilohilo. Ukiandika upande wa kupokea peke yake, jedwali litakuonyesha umeongeza akiba ya 100,000 wakati ulichofanya ni kuihamisha tu, na makato yamekwisha kuipunguza.

Mkopo nao una nafasi yake, na hapa nakusihi uwe mwangalifu kwa sababu kikoba chenu kinakopesha. Fungua akaunti iitwayo Mkopo ndani ya jedwali. Ukikopa 500,000 na kuziweka benki, andika kuingia 500,000 benki na kutoka 500,000 katika akaunti ya Mkopo, ambayo sasa itasoma hasi. Jumla yako haibadiliki, na ndivyo inavyotakiwa, maana fedha ya deni haijakuongezea kitu. Kila rejesho litaipandisha ile hasi kuelekea sifuri, na riba unayolipa utaiandika kama makato. Hisa za kikoba ziandike kama akaunti ya kawaida, ila zitenge katika jumla yako, kwa kuwa hazitoki kirahisi kabla ya kuvunja kikoba. Mchango wa mfuko wa jamii wa kikoba usiuhesabu. Huo umekwisha kuwa wa wote.

Kuna mambo madogo ya uandishi yanayoharibu hesabu kimyakimya. Sisi tumezoea kuandika 50,000/= kama kwenye risiti za dukani, lakini programu ikikutana na alama hizo za mwisho huichukua namba kama maneno na kuiacha nje ya jumla bila kukuonya. Utaitambua kwa kuwa huegemea upande wa kushoto wa kisanduku, wakati namba halisi hukaa kulia. Tarehe ziandike kwa kuanza na mwaka, yaani 2025-04-03, kwa sababu 3/4 kuna programu zinazoisoma kuwa 3 Aprili na nyingine 4 Machi, kutegemea zilivyopangwa.

Mwisho wa mwezi linganisha. Omba taarifa ya akaunti ya benki, fungua ujumbe wa mwisho wa M-Pesa wenye salio, kisha weka salio halisi pembeni ya salio la jedwali. Tofauti ndogo kwa kawaida ni ada ya kuendesha akaunti, au kodi ya zuio ya asilimia 10 ambayo benki huikata katika riba kabla ya kukulipa, hivyo riba ya 5,000 inafika ikiwa 4,500. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, tafuta kwanza tarakimu zilizopishana, kama 54,000 iliyoandikwa 45,000. Mimi huanzia hapo kabla ya kupekua mstari kwa mstari, na huniokolea jioni nzima.

Ukiwa na jumla ya kila benki mbele yako utaweza pia kuangalia jambo ambalo wengi hawalifuatilii. Bodi ya Bima ya Amana humkinga mwenye amana benki inapofilisika, na tangu mwaka 2023 kiwango cha juu ni shilingi 7,500,000 kwa mtu katika benki moja. Kikoba hakimo katika kinga hiyo. Akiba yako ya ujenzi ikikaribia kiwango hicho, fikiria kuigawa.

Programu ya LibreOffice haiuzwi, nayo inatosha kabisa kwa kazi hii kama huna Excel. Namba ya siri usiiandike popote ndani ya faili, na nakala ya pili iweke kwenye flashi isiyokaa pamoja na kompyuta.

Faili tupu lenye fomula zote nakutumia kwa barua pepe leo hii. Anza na salio la 30 Septemba la kila akaunti kama mstari wa kwanza, uligawe katika malengo yako hata kama mgawo utakuwa wa kukisia, kisha uendelee kuandika kuanzia 1 Oktoba. Mstari wa Mkopo ukikusumbua, nipigie jioni baada ya saa mbili, nikiwa nimerudi kutoka Kibirizi.

Wasalimie wote.

Rafiki yako wa siku zote.