Barua ya wazi kwa Mkuu wa Maktaba ya Congress ya Marekani: tunaomba mtafute sinema aliyoitoa mke wa Wallace Reid

Mheshimiwa, heshima yako. Mi ni Mtanzania naishi huku Ohio, naandika kwa Kiswahili hapa ili na wenzangu wasome, afu ya Kingereza nitakutumia mwenyewe.

Ni kuhusu steringi mmoja wa sinema bubu, Wallace Reid. Watu wakikumbuka masteringi wa zama zile wanamtaja Valentino tu, ila Reid alimtangulia. Kazaliwa St. Louis 1891, na kufika 1919 alikua kati ya wale wakubwa kabisa wa Hollywood, picha zake za mbio za magari watu wanazigombania. Mwaka huohuo wakiwa wanarekodi The Valley of the Giants treni waliyopanda ikapata ajali, akaumia vibaya, na badala ya kupumzishwa akapewa mofini, dawa kali ya maumivu inayolevya, amalize picha. Akamaliza. Ikaja nyingine, na nyingine, mofini haikatiki, mwili unaisha na kamera inazunguka tu. Tarehe 18 Januari 1923 akafariki ana miaka 31, yani toka aanze kuigiza kwenye sinema hata miaka 13 haijafika.

Hii stori imenigusa sababu kaka yangu aliumia mgongo kazini, akaandikiwa vidonge vya maumivu akaambiwa jumatatu arudi kazini, na leo ni mwaka wa tatu anahangaika kuviacha.

Sasa ombi langu. Mke wa Reid, Dorothy Davenport, naye muigizaji, hakuuficha ugonjwa wa mumewe. Mwaka uleule wa msiba akatoa picha inaitwa Human Wreckage kuwaonyesha watu madawa yanafanya nini, mwenyewe akaigiza ndani, akazunguka nayo. Mjane kabisa, msiba bado mbichi! Na leo hiyo picha imepotea. Maktaba yako ilitoa ripoti 2013 kwamba picha ndefu bubu za Marekani zilikua karibu 11,000 na zilizobaki kama zilivotoka ni asilimia 14 tu, zingine ziliungua maana mikanda ya filamu ya zamani, ile ya naitreti, inashika moto vibaya sana, zingine zilitupwa tu zilipoacha kuleta hela.

Lakini kuna zinazorudi. 2010 Warusi waliwakabidhi picha 10 zilizodhaniwa zimepotea, na mojawapo ni hiyohiyo The Valley of the Giants, ya ile ajali, kumbe muda wote ilikua stoo Urusi. Zama zile kopi zilikua zinapelekwa nchi za mbali na nyingi hazikurudishwa, kwaiyo tunaomba muwaandikie wenye stoo za filamu huko nje, wafungue makopo yasiyo na lebo, waangalie. Hata kipande cha dakika tano. Na mkiipata msiifungie kabatini mheshimiwa, iwekeni mtu aweze kuiona kwenye simu, nataka niiangalie na kaka yangu.